Mbega Hana Dole Gumba

Tangu Wajapani wasaidie kuchimba mifereji ya Lower Moshi miaka ya 1980, vyura wa Chekereni wamekuwa raia wenye kipato. Maji ya mto Rau yanawafikia mlangoni, wadudu hawakosekani majarubani, na kila mavuno kaya hupeleka pishi ya mpunga kwenye Kapu la Afya, chini ya mkuyu. Uwe mzima, uwe mgonjwa, unachanga. Kapu nalo hutibu viumbe sita kwa kaya, kipimo kilichoigwa kwa wanadamu, ambao kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa walipangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Mama Chura ana viluwiluwi elfu mbili na ushee. Hilo tuliache, lina kesi yake.

Kisa chenyewe ni kidole. Mwanawe mmoja, katika wale sita walioandikishwa, alishikwa na homa, akambeba hadi kwenye dirisha la Kapu, kwa Pimbi.

"Weka kidole."

Akaweka. Kidole kibichi, cha mtu aliyezaliwa majini na kulima majini.

"Hakisomi. Nenda kajianike, urudi Jumatatu."

Chura ajianike! Aliyebuni utaratibu huo hajawahi kuona chura aliyeanikwa, au amemwona barabarani, gari limeshapita.

Mama Chura akatoa debe la mpunga, akanunua dawa kwenye duka la Nguchiro, ambaye kwa bahati ni shemeji yake Pimbi. Akadai risiti. Mtoto alipopata nafuu, akapanda hadi msitu wa Rau kwa Mbega, Msikiliza Malalamiko.

Cheo hicho nacho kiliigwa kwa wanadamu. Mwaka 1966 Tanzania ilianza kuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika: raia analalamika dhidi ya mkubwa, Tume inachunguza, ripoti inakwenda kwa Rais. Kuamuru haikuweza. Mwaka 2001 nafasi yake ikashikwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo nayo hupendekeza, ingawa ikipuuzwa inaweza kwenda mahakamani. Wakubwa wa Kapu walipenda sana sehemu ya kupendekeza. Ndiyo maana wakamteua Mbega, ambaye hakuumbiwa dole gumba: hawezi kutia dole kwenye amri yoyote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kapu uliwalalamikia kwanza?"

"Dirishani palepale."

"Wakakujibu kwa maandishi?"

"Kwa mdomo, tena mmoja akitafuna."

"Basi nipe risiti."

"Utawaamuru wanirudishie?"

Mbega akamfungulia kiganja. Vidole vinne. Mama Chura akajuta nauli.

Barua ya Mbega ilikuwa na sentensi moja: naomba kuonyeshwa kifungu kinachosema mwanachama asiyesomeka kidole asitibiwe. Pimbi akamuuliza Ngiri, msimamizi wake. Ngiri akamuuliza Kanga, mhasibu. Kanga akasema utaratibu aliukuta, na aliyemwachia ofisi aliukuta pia. Kutwa nzima ofisi ikafanya jambo ambalo haijawahi kulifanya: ilisoma kanuni zake. Kifungu kilikuwepo. Kilisema mwanachama atambuliwe kwa kidole au kwa majirani wawili. Kuanzia "au" maandishi yalikuwa yamefunikwa na muhuri.

Mbega akawaita wote chini ya mkuyu, akamsikiliza hata Pimbi, ambaye masikini alikuwa akifuata alichofundishwa. Kisha akapendekeza: debe lirudishwe, tangazo libandikwe, na ule ushemeji uchunguzwe. La kwanza likatekelezwa wiki ileile. La pili likatekelezwa kwa herufi ndogo. La tatu linafanyiwa kazi.

Tangazo halijakauka gundi, Konokono akawasili na malalamiko yake: kidole hana, na majirani hubadilika kila siku kwa kuwa nyumba anatembea nayo. Nyuma yake foleni ilifika mfereji mkuu, kila mmoja na risiti yake.

Kwenye mkutano wa mavuno, mwenyekiti Kiboko akatangaza kwamba ofisi ya Mbega inakula bajeti, kwa hiyo inafungwa leo. Mbega akanyoosha mkono, akaomba aonyeshwe kifungu. Wajumbe wakatazamana, kisha Pimbi akatumwa akalete kitabu.