Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Mwezi Machi

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Majira,
Kitengo cha Mwezi Machi,
Visiwa vya Uingereza.

YAH: NGUO ZANGU KUTOKAUKA TANGU MWEZI WA PILI

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Leicester, mzaliwa wa Tanga, mlipakodi, na mmiliki halali wa kamba ya kuanikia nguo yenye urefu wa hatua tisa. Nilitamani nikuandikie kuhusu mambo mazito, amani ya dunia na mengineyo, lakini mtu aliyevaa soksi mbichi hana nafasi ya amani ya dunia.

Jumanne iliyopita niliamka nikakuta jua. Si lile jua lenu la siku zote, linalomulika kama balbu ya stoo. Hili lilikuwa jua lenyewe. Liliingia jikoni likapanda hadi juu ya friji, likanionyesha vumbi ambalo tangu Novemba sikujua kama ninalo. Nikaweka nguo kwenye mashine, kisha nikatoka na beseni kiunoni. Bibi jirani yangu naye alikuwa kwenye kamba yake, akaniambia juu ya uzio kwamba siku imependeza. Nami kwa adabu nikaitikia kwamba imependeza kweli. Nadhani hapo ndipo mliposikia.

Nikaanika mashuka mawili, foronya, sare za shule, taulo, na kanga niliyoletewa na mama. Kufika saa sita zilikuwa zinapepea kama bendera siku ya Uhuru. Saa saba likapita wingu moja, jeupe, la heshima zake. Saa nane nikiwa sebuleni nikasikia kama mtu anamwaga choroko kwenye sinia. Mvua ya mawe! Nikatoka mbio na kandambili. Nilipoifikia foronya ilikuwa imetuna kwa chini, imebeba barafu ya kutosha kupozea soda za arusi. Nikaingiza kila kitu ndani, kimelowa kuliko kilivyotoka kwenye mashine. Nageuka kufunga mlango, jua lile pale, limerudi, limetua juu ya kamba tupu kama mgeni aliyevunja sahani kisha akauliza chai iko wapi.

Mwanangu anasoma sekondari, na ana tabia ya kunifundisha nikiwa na hasira. Akasema, mama, hilo ni jambo la kawaida. Mwezi huu jua lina nguvu sawasawa na la mwisho wa Septemba, ila bahari iliyotuzunguka ndiyo kwanza iko kwenye baridi yake kali kuliko miezi yote, na hewa ya juu bado ni ile inayoshuka kutoka Aktiki. Asubuhi jua linapasha ardhi, hewa ya chini inapanda, inakutana na baridi huko juu, inakuwa wingu, na mchana wingu linatumwagikia. Nikamuuliza: kwa hiyo jua lile lile lililonitoa nje asubuhi ndilo lililopika mvua ya saa nane? Akasema ndiyo, kama hujanielewa nitakuchorea. Mheshimiwa, kwetu mtu wa tabia hiyo hupelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Kuna pia suala la methali. Nilihamia hapa na mzigo wangu wa methali kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, na nyingi zimefia uwanja wa ndege. Dalili ya mvua ni mawingu, nilifundishwa. Hapa mawingu si dalili ya kitu chochote. Mawingu ni dari. Iliyonusurika ni moja tu, usiache mbachao kwa msala upitao, na nina shaka kwamba aliyeitunga aliwahi kuacha koti nyumbani Leicester kwa sababu ya jua la saa tatu asubuhi.

Maana koti ndilo mtihani. Natoka nalo nimelifunga hadi kidevuni, saa nne nimelibeba mkononi kama mtoto aliyelala, saa saba nalivaa tena likiwa limelowa bega moja. Kituoni, tukisubiri basi, kuna kijana wa kaptura na kuna ajuza mwenye buti za theluji, na wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa dakika zake ishirini. Mwavuli wangu wa tatu tangu Januari ulipinduka hapo hapo kituoni ukawa bakuli. Kiswahili kina neno moja, kukinga, la kuzuia mvua isikulowe na la kuteka maji yake kwenye ndoo. Mwavuli wangu ulianza na maana ya kwanza ukamalizia na ya pili.

Siwalaumu watabiri. Kazi yao ni ya siku nyingi: utabiri wa kwanza wa hali ya hewa kwa umma ulichapwa gazetini London mwaka 1861, kwa mkono wa FitzRoy, yule nahodha aliyemzungusha Darwin duniani. Vipimo vya joto la katikati ya England vinaanzia mwaka 1659. Basi kwa daftari la miaka yote hiyo, jana niliambiwa nitegemee vipindi vya jua na manyunyu, hapa na pale. Mimi nimekaa Hapa miaka kumi na minne. Jua linakaa Pale.

Wenyeji husema Machi huingia kama simba na kutoka kama mwanakondoo. Natoka nchi yenye simba, kwa hiyo niruhusu nirekebishe. Simba hulala hata saa ishirini kwa siku. Simba hajawahi kumpindulia mtu mwavuli. Na utotoni kwetu, mvua ikinyesha huku jua linawaka, tulipiga kelele kwamba simba anazaa. Kwa kipimo hicho, Leicester wiki iliyopita imepata simba wengi kuliko Serengeti. Kuhusu wanakondoo sina ugomvi, nawasikitikia tu. Wanazaliwa majira haya huko mashambani, unawaona dirishani mwa treni wamesimama kwenye tope na vijiguu kama njiti za kiberiti, wanamtazama mama yao kama wanaomuuliza kulikuwa na haraka gani.

Halafu tarehe. Watu wa hali ya hewa wanasema machipuko yanaanza 1 Machi. Watu wa nyota wanasema ni tarehe 20 hivi, usiku na mchana vinapolingana. Tarehe 1 Machi 2018 nilikuwepo: theluji, shule zimefungwa, treni zimesimama, na baridi ile iliyotoka upande wa Urusi watu wakaiita Mnyama kutoka Mashariki. Sisi wa Afrika Mashariki siku ile tuliongea kwa sauti ya chini kazini. (Tangu 2015 dhoruba nazo zinapewa majina ya watu, kwa mpangilio wa alfabeti. Nasubiri kwa unyenyekevu zamu ya Mwanahamisi.)

Na kana kwamba haitoshi, Jumapili ya mwisho ya mwezi mnanichukulia saa moja. Saa saba usiku inageuka saa nane, watu wamelala, hakuna aliyeulizwa. Nimefuatilia: wazo hilo alilipigania mjenzi wa nyumba aitwaye William Willett, aliyetoa kijitabu mwaka 1907 kulalamika kwamba watu wanalala huku kumeshakucha. Alifariki 1915, na saa zikaanza kusogezwa 1916, kwa hiyo hata wa kumlalamikia hayupo. Mimi nimekulia kwenye saa inayomfuata jua. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, basi. Kule Tanga macheo ya mwaka mzima hayapishani hata saa moja, hivyo jua na saa wanaelewana kama mke na mume waliozoeana. Nilipofika hapa nilijifunza kujumlisha sita. Sasa nijumlishe sita, nisogeze moja ikifika Machi, niirudishe Oktoba. Mama yangu, ambaye hajasaini karatasi yoyote, analala akiwa mbele yangu kwa saa tatu na kuamka akiwa mbele kwa mbili. Kila mwaka ananipigia simu Jumapili ile na kuuliza: "Mwanangu, mmesogea?"

Mheshimiwa, sasa nifike kwenye ombi.

Kwetu pwani wakati kama huu una jina lake. Kaskazi ikichoka na kusi haijashika, upepo unakuwa wa kubahatisha, asubuhi huku, alasiri kule, usiku haupo kabisa. Wazee waliuita tangambili. Babu yangu alikuwa baharia, na kwenye tangambili hakuwa na bahari. Jahazi lilivutwa pwani, fundi akalikalafati, chini likapakwa shahamu. Wanaume walikaa kivulini wakishona matanga na kudaiana madeni ya kaskazi. Walioposa walioa. Mtu akikuuliza mbona husafiri, unamjibu neno moja tu, tangambili, naye anaridhika na kukusogezea kahawa. Hakuna aliyesema msimu umependeza. Hakuna aliyekuambia uvae nguo nyepesi.

Hapa upepo ni ule ule wa kubahatisha. Tofauti ni kwamba ninyi mmeupa jina la machipuko, mkautangaza, na mkatutuma kazini. Mjini nimepita duka lenye masanamu yaliyovalishwa magauni ya mikono mifupi na viatu vya wazi, mayai ya chokoleti yamepangwa miguuni. Dada aliyekuwa anayavisha alikuwa na koti, na juu ya koti skafu. Sikatai kwamba maua ya manjano yametoka kando ya barabara, yale yenye tarumbeta katikati. Yamejitahidi. Lakini nimeyaona Jumatano yamelala chali kwa upepo, Alhamisi yana theluji shingoni, na sidhani kama nayo yalisoma tangazo lenu vizuri.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iliondoe jina la machipuko kwenye mwezi huu na kulipeleka Mei, ambako lina kazi ya kufanya. Machi iandikwe rasmi tangambili. Mtu akichelewa basi aseme tangambili, asiulizwe zaidi. Shule zisitulazimishe kuchagua kati ya sweta na fulana saa moja asubuhi, wakati nyinyi wenyewe hadi adhuhuri hamjachagua. Nguo zianikwe sebuleni, juu ya viti, milangoni, mbele ya mgeni, bila aibu. Na bei ya gesi ya kuwashia hita za kuzikaushia tutaizungumza kwenye barua nyingine, kwa sababu hiyo nataka kuiandika nikiwa nimekaa.

Nilimsomea rasimu ya barua hii muuza duka mmoja wa Melton Road, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Jinja, aliyefika hapa mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda. Kiswahili chake bado kizima. Alikuwa ananipimia bamia. Akacheka, akasema, "Dada, mimi nangoja jibu tangu sabini na mbili." Kisha akachungulia nje, akatoka, akaingiza masanduku ya maembe yaliyokuwa kwenye baraza. Mvua ikaacha, akayatoa. Sijamaliza kulipa akayaingiza tena.

Naomba majibu yaje kwenye bahasha ya plastiki.

Wako katika ukaushaji wa nguo,

Mkazi wa Leicester

Nakala:
Mama, Tanga: kwa taarifa. Bado hatujasogea.
Bibi jirani: tafadhali usiisifu tena siku kwa sauti.
Mwezi Septemba: ujiandae kukaimu.