Garanti ya Wapi?

Aka! Mmemwona yule kijana aliyetoka upande wa uwanja wa Mazembe, lenzi imemtangulia hatua mbili? Ni 75-300 ile. Ameniambia mwenyewe, kifua mbele: “Yaya, iko na garanti ya mwaka moja!” Nikamwuliza, garanti ya wapi? Akanikodolea macho kana kwamba nimemtukania mama.

Msyuu! Vijana wetu wanasoma namba ile kubwa tu, 300. Kale kadogo pembeni, 4-5.6, wanakaruka, na ndiko kanakopima mwanga. Njoo uwanjani Januari, alasiri, wingu la mvua limeshuka juu ya Kamalondo. Mwenye lenzi ya 70-200 ya 2.8 anafunga picha kwa moja ya 1,000 ya sekunde. Yako uliyoivuta hadi 300 inafungua 5.6 tu, mwanga robo, basi utashuka hadi moja ya 250, na mguu wa mshambuliaji utageuka moshi. Ukipandisha ISO, picha inajaa chengachenga. Tena hiyo 70-200 ya 2.8 si ya mchezo: kilo moja na nusu shingoni dakika 90, mbali na bei yake.

Na wapiga picha wangapi hapa wanakula kwa mpira? Wanakula kwa harusi. Ndani ya ukumbi, bibi arusi yuko mita tatu, 300 ya nini? 24-70 ingemtosha. Ila tuseme ukweli, wateja nao ni wale wale: wanalipa kwa kuangalia urefu wa bomba.

Sasa hiyo garanti. Nimeomba kadi, nikaigeuza: tarehe hakuna, muhuri wa duka hakuna, namba ya lenzi haijaandikwa. Karatasi tupu! Nayo lenzi imetoka Dubai, mkono kwa mkono. Kampuni za lenzi mara nyingi zinatoa garanti kwa nchi. Chukua Nikon: lenzi inayouzwa Marekani na wakala wao inapata mwaka 1 wa kimataifa na miaka 4 ya nyongeza, lakini ile 4 ni ya Marekani. Tamron wanatoa miaka 6 huko huko. Muuzaji wa hapa anakusomea hiyo sita kwenye simu, wewe unacheka meno yote nje! Muulize: ikikwama, naipeleka mji gani, na usafiri analipa nani? Utamwona anaanza kutafuta chenji.

Hata yenye muhuri, soma maandishi madogo. Inafunika kosa la kiwanda. Kuanguka, maji, mchanga, ukungu ndani ya kioo, hapana. Na sisi kiangazi tunakula vumbi jekundu, masika tunafungia vitu kabatini vikiwa na unyevu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, washa tochi ya simu, pitisha mwanga ndani ya kioo, utafute nyuzi nyeupe kama za utando wa buibui. Geuza mdomo wa lenzi chini: bomba likiteremka lenyewe, rudisha. Piga kibao cha mbali, lenzi imefunguliwa yote, halafu kuza pembe za picha.

Mimi, kati ya mpya yenye kadi tupu na iliyotumika ya mtu ninayejua mlango wake, nachukua ya pili. Ila bei ashushe, tena sana.