Sifa za Nzi wa Coober Pedy

Mji wa Coober Pedy, katika nyika ya Australia Kusini, husifiwa kwa opali zake, zilizogunduliwa mwaka 1915 na kijana wa miaka 14. Wengine husifu nyumba zake zilizochimbwa chini ya ardhi. Lakini msafiri anayetoka Adelaide kwenda Darwin kwa barabara kuu ya Stuart huingia hapo baada ya kilomita zipatazo 850, miguu imemfa ganzi, na hela ya opali hana. Anayempokea ni nzi, naye nzi hajatungiwa hata ubeti.

Basi mwacheni nimsifu. Mlango wa gari haujafunguka vizuri, ameshafika. Haulizi dini wala kabila. Mwenye gari la kifahari na mwenye mkweche unaovuja oili, wote anawabusu machoni, puani na pembeni mwa midomo. Wenye chuki watasema anafuata unyevu na protini za machozi na makamasi. Sawa. Ni nani mwingine duniani anayeyaona makamasi yako kuwa hazina? Tena hang'ati, wala hadai bakshishi. Ukimfukuza anarudi bila kinyongo, tabia niliyoitafuta kwa ndugu zangu wengi nisiipate.

Ualimu nao anauweza. Yule abiria mwenye maneno mengi akishuka kwenye kituo cha mafuta na kuanza kutoa hotuba, somo la kwanza humwingia kooni. Kuanzia hapo huongea meno yamebana. Na taifa zima amelifundisha kupunga mkono mbele ya uso, hata Waaustralia wenyewe wakaitania ishara hiyo kuwa ndiyo saluti yao.

Jua likizama anakwenda zake kulala. Mbu wetu hajafikia ustaarabu huo! Hata mchana nzi hapendi kuingia gizani, kwa hiyo anayemkimbia hujikuta ameteremka kwenye vyumba vya chini, kwenye ubaridi wa nyuzi ishirini na kitu huku juu zimepita 40. Bila nzi, wangapi wangemalizia soda barabarani wakaondoka hawajauona mji?

Pamoja na wema wote huo, amefanyiwa fitina. Waingereza walipoleta ng'ombe mwaka 1788, mavi ya majimaji ya ng'ombe hao yaliwashinda mbawakawa wa huko, waliozoea vinyesi vikavu vya kangaruu. Nzi akapata pa kulelea wanawe, akaongezeka. Badala ya kumpongeza, wataalamu wa serikali, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakaleta mbawakawa wageni, wengi wao kutoka Afrika, wayafukie mavi hayo kabla buu hajakua. Yaani njama hii nasi Waafrika tumo.

Hata hivyo, Coober Pedy nzi bado wapo wa kutosha. Wavu wa kuvaa kichwani unauzwa madukani. Ukipita huko nunua wako mwenyewe, kwani hiyo ni nguo ambayo hata mume hamwazimi mkewe.