Mita Kumi na Ushei

Ubaya wa kisahani kilichotupwa kwa nguvu za kufika kikapuni ni kwamba kisipoingia, kinaendelea na safari zake. Jambo hili halimo kwenye video za mafunzo. Wataalamu wanakuonyesha namna ya kukifikisha. Habari ya kukifuata wanakuachia wewe na mbu wako.

Kwa asiyeujua mchezo: gofu ya visahani ni gofu isiyo na fimbo wala mpira. Unatupa sahani ya plastiki, ile ya kumalizia ina upana wa sentimita 21 hivi, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kwenye mlingoti, juu yake minyororo inaning'inia ya kuidaka. Kikapu hicho alikibuni Ed Headrick, Mmarekani aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Wham-O, na ndiye aliyeanzisha uwanja wa Oak Grove, California, mwaka 1975. Aliupenda mchezo wake kiasi kwamba alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki yakatengenezewa visahani. Mimi kila kisahani changu kinapozama kinamasini huwawazia walionunua vile, na jinsi watakavyowaeleza wafiwa.

Hapa Finland ninakoishi viwanja vimejaa misituni, na vingi havina kiingilio, sababu tosha kwa mtu wa Tanga kuvumilia baridi. Nacheza na jamaa mmoja wa Bukavu. Yeye huniita yaya kwa sababu nimemzidi umri. Nami humwita mdogo wangu kwa sababu hunishinda, na lazima niwe mkubwa mahali fulani.

Sheria inachora duara la mita 10 kuzunguka kikapu. Ukiwa ndani yake, ukishatupa huruhusiwi kuvuka alama yako mpaka uonyeshe kwamba umesimama imara. Ukiwa nje uko huru: kisahani kikishatoka mkononi, ruka mbele upendavyo. Mwili wangu huupokea uhuru huo kama kadi ya harusi. Mabega yanapanda, mkono unarudi nyuma kabisa, ulimi unatoka nje, na kila kiungo kilichokuwa kikifanya kazi kwa utulivu kwenye mita tano kinaanza kujionyesha.

James Conrad naye ametuponza. Mwaka 2021, huko Ogden, Utah, kwenye shimo la mwisho la mashindano ya dunia, alikuwa nyuma ya Paul McBeth kwa mtupo mmoja. Akatupa kutoka mita 75 hivi, kisahani kikapinda hewani, kikaingia. Wakaenda shimo la nyongeza, akawa bingwa. Tangu hapo mtu aliye kwenye mita kumi na nne anaona kuweka kisahani karibu na kikapu ni woga. Anasahau kwamba Conrad hakuwa na njia nyingine; sisi tunazo, na sisi hakuna anayetupiga picha.

Basi nikanunua kikapu, nikakisimika nyuma ya jengo letu. Nguvu, nikajifunza, hutoka miguuni, begani ni kelele tu. Kisahani kikizunguka sana hushika mstari wake. Kinapoanza kuchoka hulalia kushoto, kwa anayetupa kama mimi kwa mkono wa kulia, kiganja kikitazama ndani. Kwa hiyo ukiwa mbali unalenga kulia kwa mlingoti. Na pua yake ikiinuka hata kidogo, upepo wa usoni unakinyanyua. Upepo wa mgongoni unakiangusha. Yote haya ni kweli na yamenisaidia. Kilichofuata ni tangazo mlangoni mwa jengo, lenye adabu sana, likiwaomba wakazi wote wasigonge minyororo baada ya saa nne usiku, ingawa jua la Juni lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Hakutajwa mtu. Kikapu kilikuwa kimoja.

Sasa sikilizeni hesabu ya maendeleo. Zamani, nilipokuwa mbovu, mtupo wangu wa mbali ulianguka hatua mbili kabla ya kikapu. Naokota, natumbukiza, natembea zangu. Siku hizi unafika. Unafika, unapita juu ya minyororo kwa heshima zote, unapanda na upepo, na kunisubiri upande wa pili, umbali uleule niliotoka. Natupa kwa kurudi, mazoezi yananisaidia tena, unapita tena. Katika shimo moja mdogo wangu aliketi akaanza kuchuma matunda ya buluu ya msituni, akala akashiba, nami nilikuwa bado nikipishana na kikapu.

Siku nyingine upepo ulikipeleka kisahani hadi kwa bibi mmoja aliyeinama vichakani na ndoo yake. Kikatua ndani ya ndoo, mtupo wangu pekee siku ile uliotua ndani ya chombo. Bibi alikitoa, akakigeuza, akasoma namba ya simu ambayo wachezaji huandika kwa chini. Mimi nilikuwa nyuma ya msonobari, nimebana pumzi, nikingoja aondoke. Akatoa simu yake, akabonyeza. Msonobari ukaanza kulia wimbo wa taarabu.

Baada ya hapo mdogo wangu alinishauri kwa huruma: ukizidi mita kumi, acha ushujaa, kiweke chini ya kikapu, umalizie. Nikamtii shimo lililofuata. Nilikitupa polepole, chini, bila tamaa yoyote. Kikatua kwa ubavu, kikasimama wima, kikafikiri, kisha kikaanza kubingirika kuteremka mlima, kikapita kikapu, kikapita benchi, kikapita mbwa aliyekiangalia tu.

"Yaya," akasema, akikipima umbali kwa jicho, "sasa sheria inakuruhusu kuruka."