Tondozi ya Kinyesi cha Mbwa wa Theluji

Mbwa wa theluji amesifiwa hadi sifa zikamwagika. Amechongewa sanamu New York, ametengenezewa filamu za watoto, na kila kijitabu cha watalii wa kaskazini kinatuonyesha uso wake: macho ya samawati, masikio wima, ulimi nje. Uso, uso, uso. Upande wa pili hakuna aliyeuimba. Wazee wetu walitunga tondozi za ng'ombe, za majahazi, hata za mikuki, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Basi nami niachieni uwanja nikisifu kinyesi cha mbwa huyu, kile anachokitoa akiwa mbioni, mbele ya mgeni aliyelipa pesa nyingi ili aketi nyuma yake.

Nimesema mbioni, na msomaji asilipite neno hilo haraka. Mbwa wa kwetu akibanwa husimama, huzunguka, hunusa, huchagua. Haski, yaani mbwa wa theluji anayevuta sleji, hana fursa hiyo. Amefungwa kwenye kamba kuu pamoja na wenzake saba au tisa ambao hawajabanwa, na hao hawasimami kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo hujikunja mgongo huku akikimbia, huinua mkia, hurukaruka kwa miguu ya nyuma hatua chache, na kamba yake hulegea kidogo. Kisha kamba hukaza tena, naye anavuta kama hakuna kilichotokea. Mbwa kijana hujaribu kusimama mara ya kwanza, akaburutwa, na hapo hapo akahitimu. Nawajua waheshimiwa ambao hawawezi kujibu swali na kutembea kwa wakati mmoja.

Sasa mweke mgeni mahali pake. Nilikuwa nje ya mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, ambako jua huaga mwishoni mwa Novemba na haliinui kichwa tena hadi katikati ya Januari. Saa sita mchana kuna mwanga wa buluu tu. Shemeji yangu, mzaliwa wa Lamu anayeishi Oslo, ndiye aliyekata tiketi, akaapa kwamba sitausahau ule mchezo. Tulivishwa suruali nene zilizoungana na makoti, tukavalishwa viatu vya kumtosha askari wa zamani, kisha tukalazwa ndani ya sleji juu ya ngozi ya kulungu wa kaskazini, mmoja nyuma ya mwingine, miguu imenyooshwa mbele, kama magunia ya mkaa juu ya baiskeli. Dereva husimama nyuma kabisa, juu ya mbao mbili za kutelezea, kichwa chake kikipita vyetu kwa mbali. Mbele yetu, mita moja au mbili tu, wamefungwa mbwa wawili wa mwisho, wale wenye nguvu wanaobeba uzito wa sleji. Piga hesabu ya urefu. Pua ya abiria iko sawasawa na mkia wa mbwa. Dereva yuko salama, kwa sababu kati yake na mkia huo kuna sisi. Nilidhani nimelipia kiti, kumbe nimelipia heshima ya kuwa kioo cha mbele.

Na hapo ndipo fadhila ya kwanza ya kinyesi inapoonekana, kwamba hakibagui. Kwenye sleji ya pili alikuwepo bwana mmoja mwenye kamera ya bei ya gari. Alikuwa amejipanga vizuri, amekaa mbele, lenzi wazi. Sitasema zaidi.

Kabla ya kuondoka mbwa hufanya fujo isiyoelezeka. Wanalia, wanaruka juu, wanatafuna kamba, wanavuta sleji iliyofungwa kwa nanga ya chuma iliyopigiliwa kwenye theluji. Huwezi kumsikia aliye kando yako. Dereva aking'oa nanga, kelele zote hukatika ghafla, kinabaki kishindo cha makucha na mkwaruzo wa mbao. Vijitabu vyote vinakisifu kimya hicho, na ni kweli kinasifika. Visichokisema ni kwamba msisimko wote ule uliokuwa kooni lazima ushukie mahali, na hushukia katika kilomita ya kwanza. Mbwa anapokaribia kukimbia, tumbo lake huamka kabla ya miguu. Mmoja anaanza, wa pili anaona si vibaya, na hewa safi ya Aktiki uliyoifuata kwa ndege mbili inakujia ikiwa na moshi mweupe wa joto. Nawahakikishia wanaoishi mijini kwamba hewa ile ni safi kweli, kwa maana hakuna harufu nyingine ya kushindana nayo.

Fadhila ya pili inawahusu wanaojua kazi. Haski wa Alaska si mbwa wa nasaba. Ni chotara wa machotara, aliyechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa miguu, mapafu na tumbo. Ana kilo ishirini na kitu tu, mwembamba hadi wageni humwonea huruma, lakini katika mashindano marefu anaweza kumaliza kalori 10,000 kwa siku, mara nne ya chakula cha mwanamume mzima. Nyama, mafuta, samaki, supu. Injini inayokula hivyo lazima iwe na bomba la moshi. Ndiyo maana dereva wetu, binti wa miaka ishirini na ushei mwenye mikono ya fundi mwashi, alipozunguka na koleo kati ya vibanda hakuwa anafagia tu. Alikuwa anasoma. Rangi, ugumu, utelezi, damu, minyoo: nani hakulala, nani hakunywa maji ya kutosha, nani asivute leo. Mbwa hawezi kusema anaumwa, na wengi wao wakiweza wasingesema, maana wanaogopa kuachwa nyumbani kuliko ugonjwa wenyewe. Mkia utakuficha ukweli. Macho ya samawati yatakudanganya. Cheti cha kweli kiko kwenye koleo.

Historia, kwa upande wake, imekidhulumu kinyesi hiki. Januari 1925 mji wa Nome huko Alaska ulivamiwa na dondakoo, na dawa ikasafirishwa kwa sleji kutoka Nenana, kama kilomita 1,085, na madereva 20 wakipokezana, na mbwa wapatao 150, kwa muda wa siku tano na nusu. Balto, mbwa aliyekuwa kwenye kundi lililoingia mjini, alipata sanamu Central Park kabla mwaka haujaisha. Togo, aliyekimbia sehemu ndefu kuliko wote, alisubiri sana kutajwa. Kila kitu katika safari ile kimehesabiwa: watu, mbwa, saa, chupa. Hili moja halikuhesabiwa, ingawa mbwa 150 kwa siku tano na nusu hawakuishi kwa ushujaa peke yake. Na msafiri wa nchi za barafu Roald Amundsen, ambaye Tromsø imemwekea sanamu bandarini, aliondoka kambini mwake Antaktika Oktoba 1911 na mbwa 52, akafika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba, akarudi na 11. Wengi wa wasiorudi walichinjwa njiani wakawa chakula cha wenzao na cha mabwana zao. Kwa hiyo kuna mbwa waliofika Nchani wakiwa tumboni mwa jirani, na waliagana na bara hilo kwa njia ninayoisifu hapa. Hawana sanamu. Baadaye mataifa yalikubaliana mbwa wote watolewe Antaktika kufikia Aprili 1994, kwa hofu ya kuwaambukiza sili maradhi. Walichokiacha hakikutakiwa kuonyesha pasi ya kusafiria.

Shemeji alikuwa na shida yake ya kifiqhi. Sisi wa pwani wengi ni Mashafii, na kwetu ulimi wa mbwa ni jambo zito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa kiongozi alimlamba mkono kabla hata hatujapanda. "Shemeji," akaniuliza, "udongo nitaupata wapi hapa?" Chini yetu palikuwa na theluji ya kufika kiunoni, na chini ya theluji mwamba. Hadi tunafika nusu ya njia alikuwa ameanza kuzungumzia kwa heshima kubwa madhehebu ya Imamu Malik, ambao hawamhesabu mbwa kuwa najisi. Lakini kuhusu kinyesi hakulalamika hata kidogo, na hoja yake ilinipendeza. Katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, kitu kile hutoka kikifuka, na dakika chache baadaye ni jiwe. Kikavu kikigusa kikavu, alisema, hakuna kilichohama. Sleji zilizotufuata zilipita juu yake kwa mdundo mdogo, tak, tak, na abiria wake wakadhani ni mizizi.

Waswahili husema mavi ya kale hayanuki. Ningependa aliyeitunga methali hiyo apelekwe Tromsø mara mbili, Januari na Mei. Januari ataona ushahidi mtupu: ya jana ni ya kale, yamelala chini ya theluji mpya, uwanja mweupe, wageni wanapiga picha wakiwa wamelala chali na kupunga mikono. Mei theluji inayeyuka. Inaondoka tabaka kwa tabaka, ya Aprili kwanza, kisha ya Machi, na kila tabaka linarudisha amana yake, ikiwa laini na hai, hadi ile ya Krismasi. Msimu wa sleji umekwisha, watalii wako makwao wanawaonyesha jamaa nyuso za mbwa kwenye simu.

Yule binti yuko na koleo na toroli. Siku ile ya safari yetu nilimuuliza kama kazi hiyo haimchoshi. Akaniambia kuwa mteja akiandika maoni huandika kuhusu macho ya mbwa na mianga ya kaskazini, na mara moja moja huandika kuhusu hiki, akidai arudishiwe pesa.

"Mnamrudishia?"

"Hapana," akasema. "Tulimpa bure."