Asili ya Njia ni Duka
Ashburn, Virginia, jirani na Washington, mitandao hukutana na kutangaziana njia za intaneti kwa itifaki ya BGP, na kila njia sharti itaje asili. Njia iliyoandikwa kwa mkono kisha ikasambazwa kwenye BGP, ruta ya Cisco huibandika alama ya kuuliza: asili haijakamilika. Ileile, ruta ya Juniper huitangaza kuwa mtoto wa nyumbani, yaani asili yake ni ndani ya mtandao. Urefu wa njia na upendeleo vikilingana, wa nyumbani ndiye hupita. Kumbe ukoo hununuliwa dukani! Hata EGP, itifaki iliyokwisha kuzikwa, ina cheo kikubwa kuliko mwenye alama ya kuuliza. RFC 4271 ya 2006, waraka wa kanuni za BGP, inashauri asili isibadilishwe njiani. Hata hivyo, wenye mitandao wengine huifuta wakaandika yao.