Sifa za Dola Iliyopasuka

Wengine na waisifu dhahabu ya Fizi na mikeke ya Ziwa Tanganyika. Mimi leo naisifu noti moja ya dola 100 inayokaa ndani ya Biblia yangu, katika kitabu cha Mithali, tangu mwaka juzi. Ukingoni mwake, juu ya kichwa cha Benjamin Franklin, ina mpasuko usiozidi punje ya mchele wa Ruzizi. Kwa ajili ya mpasuko huo imepata kitu ambacho fedha nyingine hazijawahi kukipata nyumbani kwangu: makazi ya kudumu.

Tuanze na uaminifu wake. Fedha nzima ni wageni wa kupita. Zinaingia asubuhi, saa sita zimeshagawanywa: ada ya shule, sukari, deni la dukani, na salio linapanda pikipiki kwenda Kalundu lisirudi. Noti yangu haijaniacha. Shemeji alipopiga simu kutoka Baraka kuomba msaada, nilimjibu bila kusema uongo: "Shemeji, dola 100 ninayo, ila imepasuka." Alinyamaza kidogo, kisha akanipa pole. Niambieni ni noti gani nzima iliyowahi kumfanya mwombaji amwonee huruma anayeombwa.

Sifa ya pili ni ualimu. Kabla ya kuipata nilijua kuhesabu fedha, sikujua kuisoma. Kusoma nilifundishwa Kavimvira, hapa Uvira, kwenye mpaka wa kwenda Gatumba na Bujumbura, na kambisti, yaani mbadilisha fedha, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, magotini ana matita ya franga yaliyofungwa kwa mpira. Alianza kwa kupitisha ukucha kwenye kola ya koti la Franklin, maana wino wa pale umeinuka na hukwaruza. Akaiinamisha noti: tarakimu 100 ya pembeni ikageuka kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Akaiinua juani kutafuta kivuli cha uso na uzi uliozama ndani. Akatazama mwaka. Hadi hapo nilikuwa nimefaulu. Kisha akatembeza kidole ukingoni, polepole, akasimama.

"Papa, hii imepasuka."

"Wapi?"

"Hapa. Haipiti."

"Lakini ni ya kweli!"

"Ya kweli kabisa, papa. Ila haipiti. Nikupe 85?"

Wamarekani nao wana wakaguzi wao, lakini tazameni walivyo wazito. Mwaka 1949 William Sheldon aliwawekea wakusanyaji wa sarafu kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Leo mwanagenzi wa kule akiokota sarafu anayodhani ilikosewa kiwandani, huipeleka kwa kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, au NGC, iliyoanza 1987. Anajaza fomu, analipa ada, anaituma kwa posta, anasubiri mpaka irudi imefungiwa ndani ya kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa alama yake. Mara nyingi jibu linamvunja moyo. Kosa, ili lihesabiwe, sharti lizaliwe pamoja na sarafu, ndani ya mashine. Mkwaruzo wa mfukoni na kipigo cha barabarani ni majeraha tu. Na kama aliisugua ing'ae kabla ya kuituma, ole wake: wataandika kwamba imesafishwa, na namba atanyimwa.

Uvira hakuna fomu, hakuna posta, hakuna ada. Jibu linatoka kabla kivuli cha mwavuli hakijasogea, na alama ni mbili tu: inapita, haipiti. Sheldon alihitaji madaraja 70 kwa sababu hakuwahi kubadilisha dola Kavimvira.

Tena kwa wenzetu kosa halisi linapandisha cheo. Senti ya Marekani ya mwaka 1955 ambayo tarehe na maandishi yake yalitoka maradufu huuzwa zaidi ya dola 1,000, ilhali hapa kwetu noti nzima ya dola 1 wengi hawaitaki hata kuishika. Na si kwa Wamarekani tu: neno letu "hela" lenyewe limetokana na heller ya Wajerumani. Mwaka 1916, vita vilipowafungia bahari, walichapa heller 20 katika karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya maganda ya mizinga. Zilitoka mbovu, kila moja na sura yake. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo jeshi la Kongo ya Wabelgiji likaingia Tabora, na kiwanda kikafa. Leo wakusanyaji wanazipima kwa ukubwa wa taji na ncha za herufi L, na ubovu wao ndio utukufu wao.

Asidhani mtu kwamba ukambisti umeanza jana. Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji, ng'ambo ya ziwa, Februari 1874, alikuta soko likitumia shanga ziitwazo sofi, na wabadilishaji wakiwahudumia wanaokuja kununua na kuuza. Alizifananisha na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Yaani fedha ya ziwa hili iliwahi kufanana na kitu kilichovunjika, na ilipita!

Sifa ya mwisho ya noti yangu ni kwamba inatutukuza. Kwa sheria ya Marekani, noti iliyobaki zaidi ya nusu hulipwa thamani yake yote, na noti walizotoa tangu 1861 bado ni fedha halali. Walioichapa wanasema inapita. Sisi tusiochapa hata herufi yake moja tunasema haipiti. Wakati huohuo franga yetu ya 500, imelainika kama kitambaa, imebandikwa skochi, inanuka ndagala, inapita mkono kwa mkono bila kuulizwa hali. Ya kwetu tunaipokea kama ndugu, ya mgeni tunaikagua kama posa.

Nimeitafakari sana hali hii, Biblia ikiwa mapajani. Fedha yetu imetufia mara nyingi. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafla. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga 1. Mtu aliyezika akiba yake mara tatu, akishika fedha ya kuweka akiba, hataki kuona hata kidonda. Na kambisti wala hauchukii mpasuko wangu. Anamwogopa mteja atakayefuata, ambaye anamwogopa mwenye duka, ambaye anamwogopa mwenye mzigo. Hakuna hata mmoja kati yao anayeamini kwamba noti imeharibika. Wote wanaamini kwamba mwingine ataikataa, na hapo inakuwa imekataliwa kweli.

Ila 15 zile alizotaka kunikata hazikuwa za hofu. Anayenunua kwa 85 anamjua mtu atakayeipokea kwa 100. Mpasuko una bei, na mlipaji ni mwanagenzi. Aliyenipa noti hii alinitazama nikiikunja haraka bila kuigeuza, kwa sababu niliona aibu kumkagulia fedha mbele yake. Yeye hakuona aibu yoyote.

Basi, msomaji, ukipewa dola, igeuze, iinue juani, tembeza kidole pembe zote nne mbele ya aliyekupa, na akinuna anune. Na kama una safari ya Marekani, pita nyumbani kabla hujaondoka. Nina mgeni anayetaka kurudi kwao.